Karatasi ya Ndani ya Boksi

Gari la kutoka Vwawa lilikuwa limekaribia Tunduma, likitambaa kando ya foleni ya malori, Ezron aliposikia akina mama wawili wa kiti cha mbele yake wakibishana. Hawakujuana kabla ya safari hiyo; walianza kuongea walipogundua kwamba wote wana presha.

"Mimi vidonge nimeacha," alisema Ruti, yule mwenye miwani. "Nimesoma karatasi ya ndani ya boksi. Kizunguzungu, kuvimba miguu, kikohozi! Dawa gani hiyo?"

"Ulimwuliza daktari?"

"Nimwulize nini, na nimeshasoma?"

Mwenzake, Yunisi, akaguna. "Mimi kusoma sijui, na namshukuru Mungu. Nesi akisema meza, nameza. Asubuhi kimoja, jioni kimoja."

Ezron akamuunga mkono kimoyomoyo. Huyu angalau hakujitafutia hofu.

"Hebu lete nione," Ruti akasema. Yunisi akafungua fundo la kitenge, akampa bahasha ya dawa. Ruti akaisoma, akairudia. "Dada, hapa wameandika kimoja tu kwa siku."

Yunisi akaipokea bahasha yake. "Ndiyo maana nikiinuka naona giza," akasema polepole. Kisha akamgeukia. "Lakini na wewe humezi kabisa."

Gari likaingia stendi. Wakashuka pamoja, wakaelekea hospitali huku wakiendelea kubishana. Ezron, aliyeacha vidonge vyake vya presha tangu Pasaka kwa kuwa alijisikia mzima, alibaki kitini kwa muda, kisha akanyanyuka akawafuata.