Maziwa ya Mzee Bisogo Mutware

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia tunawasomea kwa ufupi maisha ya baba yetu, Mzee Bisogo Mutware, ingawa ufupi wenyewe angeukataa, maana yeye akisimama kuhubiri, chakula kilipoa jikoni.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 huko Minembwe, milimani Kivu ya Kusini, akimfuata kaka yake, Pasta Gatsinzi, aliyeketi hapa mbele. Alisoma shule ya msingi hukohuko, akamaliza sekondari Uvira mwaka 1974, akawa mwalimu na mchungaji wa ng'ombe wa baba yake hadi vita vilipomtoa. Tarehe 7 Julai 1979 alifunga ndoa na mama yetu, Nyirabeza, wakajaliwa Rakeli, Ndahiro na Gaju, na sote tuko hai, jambo alilomshukuru Mungu kila asubuhi kwa sauti ya kuamsha jirani.

Kutoka kambi ya wakimbizi Burundi tulifika Louisville, Marekani, mtaa wa Iroquois, Mei 2008, akapata kazi ya kupanga mizigo ghalani, na mwaka 2010 akabatizwa katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Ndugu wakamkalia vikao, wengine wakimwita Mtakatifu kwa kejeli, na Baba Mkubwa Gatsinzi, mchungaji wa Kipentekoste kule Buffalo, akaapa kutokunywa tena maziwa nyumbani kwake, na kwetu wafugaji, anayekataa maziwa yako amekukataa wewe. Jambo hilo lilimuuma baba kuliko ukimbizi.

Mwaka 2012 tulihamia Reynoldsburg, jirani na Columbus, akaanzisha ibada ya Kiswahili sebuleni, kwa viti vya kuazima. Kwa kuwa waumini wa kanisa lake hawanywi chai wala kahawa, kila mgeni alipewa maziwa ya moto, basi watu wakadhani mzee amerudia mila za milimani, wakaja kunywa, wakasikia nyimbo, wakabaki, naye hakuwa na haraka ya kuwasahihisha. Hivyo ndivyo kusanyiko hili lilivyozaliwa, nasi tunalijivunia waziwazi.

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2015, lakini kila Jumapili aliagiza kikombe cha kaka yake kiwekwe mezani. Tarehe 20 Machi 2016 Baba Mkubwa aliendesha gari kutoka Buffalo, akaingia bila kubisha, akauliza kwa sauti ya mimbarini, kwa Kiswahili cha kwetu chenye Kifaransa, “Donc, mu hii nyumba maziwa imeisha?” Baba akacheka hadi machozi, na Baba Mkubwa akanywa kikombe chote mbele yake. Baba alifariki hospitalini Columbus tarehe 9 Aprili 2016.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, wenzake wa ghalani, na makanisa yote. Baada ya maziko hakutakuwa na chai, kutakuwa na maziwa, na atakayewagawia ni Pasta Gatsinzi kwa mkono wake, maana ameomba mwenyewe.

Baba, kaka yako yuko nyumbani kwako, pumzika kwa amani.