Picha ya Prodromos Kando ya Padri

Benchi letu liko mbele ya mkahawa wa Bi Sultana, uwanjani Palioskala, na asubuhi ile kahawa ilipoa kabla ya maneno. Bi Evanthia, anayegombea umeya, alikuwa amegawa vipeperushi: yeye katikati, kulia padri Ierotheos, aliyesema hadharani kwamba mashoga wasipigiwe kengele ya maziko, kushoto Prodromos wetu, dereva mstaafu wa basi, aliyeingizwa kwenye orodha ya madiwani ili idadi itimie. Kule Thesaloniki vijana wa kwetu wamewaka hasira kwa picha hiyo. Mmoja wao ni Lazaros, mtoto wa Prodromos, anayeishi na mwanaume mwenzake. Siku ya tatu sasa hapokei simu za baba yake.

— Mtego huo, alisema Antena, kinyozi wetu. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Padri katumwa na meya wa sasa.

— Meya yupi, yule anayesinzia vikaoni? alidakia Profesa, ambaye shule aliiacha darasa la sita. Hiyo kazi ya Athene. Wanataka tugombane, tusahau barabara.

— Athene hawajui hata kama tupo!

— Ndiyo ujanja wenyewe!

— Basi sikieni. Kikulacho ki nguoni mwako, na padri ana nguo ndefu kuliko sote. Mle ndani kuna kinasa sauti.

— Cha nani?

— Cha Wajerumani.

Prodromos akaweka kikombe chini.

— Jana nilikwenda kwa Evanthia. Nimemwambia afute jina langu.

— Weee! alisema Antena. Na wajane wote wa parokia, kura zao?

— Wampe padri.

— Lazaros umemwambia?

— Nimwambieje, Antena? Hapokei.

Gari jeupe likasimama ng'ambo ya barabara. Akashuka kijana wa miwani, mgeni kwetu, akatujia taratibu.

— Shikamooni, wazee. Lazaros yuko garini. Anauliza, ateremke au tugeuze?

Antena akatazama mashapo ya kahawa. Profesa akakohoa.

Prodromos alikuwa ameshavuka barabara, kiatu kimoja kimebaki chini ya benchi, anagonga kioo kwa viganja vyote viwili.

— Teremka, mwanangu! Jina nimelifuta, teremka! Na huyu mwenzio kashakula?

Mlango ukafunguka. Ukatoka mguu mmoja, kisha wa pili.

Benchi zima likashusha pumzi.