Ezell Tarpley na Safari za Alhamisi ya Tatu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Aliye na chungu jikoni apunguze moto, aliye barabarani aendeshe taratibu. Leo tunamkumbuka mtu wa hapahapa kwetu, Greenwood, Mississippi. Jina lake Ezell Tarpley. Aliendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja. Wengi mnaonisikiliza aliwabeba mkiwa wadogo, na sauti yake bado mnayo masikioni: "Kaa chini, mtoto wa watu. Shule haihami."

Ezell alifariki akiwa na miaka sitini na saba. Alifia nyumbani kwake, kwenye kiti cha jikoni, siku ya Jumanne. Aligunduliwa siku ya Alhamisi.

Narudia, wasikilizaji wapendwa. Jumanne mpaka Alhamisi. Mji mzima alioubeba mgongoni, na hakuna aliyempigia simu.

Mama yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, akirudi jioni vidole vimekauka kwa barafu. Watoto walikuwa wawili tu, Ezell na dada yake mkubwa, Verlene. Verlene alihamia Detroit akiwa na miaka kumi na tisa. Ezell alibaki. Akapata kazi ya basi, akanunua nyumba ndogo ya mbao, akaimba besi kanisani. Akina mama wa kanisa walimtafutia mchumba mpaka wakachoka. Alikuwa akiwajibu, "Mke wangu ni lile basi, mama zangu, na lina wivu."

Walicheka. Naye alicheka nao, kisha akaenda zake nyumbani.

Ukweli ni kwamba alikuwa na mpenzi. Aliitwa Curtis Hemphill, fundi wa mabasi pale gereji ya shule. Walipendana miaka tisa. Kwa macho ya watu walikuwa wafanyakazi wenza tu. Curtis alipoanza kukonda, familia yake ilisema ni saratani. Haikuwa saratani. Ulikuwa ukimwi, na mwaka ulikuwa 1994. Ezell alimwogesha, akamlisha supu kwa kijiko, na kila alfajiri akatoka kwa mlango wa nyuma kuwahi basi. Curtis alifariki mwezi Februari.

Kwenye mazishi Ezell aliketi safu ya saba, pamoja na watu wa gereji. Shangazi yake Curtis alimshika mkono mlangoni akamwambia, "Asante kwa kuja, bwana dereva." Basi.

Mnajua desturi yetu. Mtu akifiwa, jirani haji mikono mitupu. Anakuja na makaroni ya jibini, kuku, keki ya siagi, mpaka friji ya mfiwa haifungi. Siku ile kwa Ezell Tarpley hakuja mtu hata na bakuli moja. Wangejuaje kama amefiwa? Alikaa na suti yake mpaka giza likaingia. Kesho yake akapakia watoto arobaini na wawili.

Hayo aliyasimulia mara moja tu maishani, kwa kijana mmoja anayeitwa Kendarius Boykins. Kendarius ndiye aliyenisimulia mimi.

Miaka ikapita. Ezell akastaafu, akanunua gari la viti kumi na viwili, kwa kuwa, alisema, gari dogo lilimfanya ajione yuko uchi. Siku moja akaenda Jackson kupima macho. Akiwa anasubiri, akaona bango ukutani kuhusu kidonge cha kinga ya ukimwi. Kidonge kimoja kila siku, mtu ambaye hana virusi anabaki hana. Akamuuliza nesi, "Hiki kilikuwepo mwaka tisini na nne?"

Nesi akasema, "Hapana, mzee wangu."

Akashukuru. Akaenda garini akakaa saa nzima bila kuwasha injini.

Kidonge hicho kilikuwepo hata hapa mjini. Shida ilikuwa kwenda kukichukua. Pale zahanati, dada wa mapokezi ni binamu wa huyu, mke wa shemasi yule. Ukiingia saa nne, saa sita mama yako ameshapigiwa simu. Isitoshe, watu wetu wana kumbukumbu. Kule Alabama serikali iliwaacha babu zetu weusi na kaswende miaka arobaini bila kuwatibu, ili itazame tu ugonjwa utawafanya nini. Leo mtu wa serikali akikuletea kidonge, unakigeuza mara mbili. Na wanaume wengi walisema dawa ile ni ya watu fulani, na hakuna aliyetaka kuwa mtu fulani.

Ezell akaamua kuwapeleka wanaume wa hapa Jackson, mwendo wa saa moja na nusu, kwenye kliniki ambako hawajulikani. Kila Alhamisi ya tatu ya mwezi. Saa moja kamili asubuhi, nyuma ya duka la matairi. Wa kwanza alikuwa Tremaine Gholston, miaka ishirini na minne, mfanyakazi wa kiwanda cha samaki.

"Anko Ezell, nimwambie mama naenda wapi?"

"Mwambie unaenda kuvua na mimi."

"Mimi? Nashinda na samaki wiki nzima, halafu siku ya mapumziko nikavue?"

"Basi mwambie umechanganyikiwa. Ataamini haraka zaidi."

Ezell akafunga fimbo nne za kuvulia juu ya gari. Wakati wa kurudi alisimama duka la samaki kandokando ya barabara, akawanunulia kila mmoja kambare wawili wa kupeleka nyumbani. Mama yake Tremaine ameniambia hivi, na ameniruhusu nitangaze: "Nilimuuliza, mwanangu, ziwa gani hilo samaki wanatoka wameshatolewa utumbo? Akanijibu, ni la kisasa, Mama. Nikakaanga."

Mwaka wa kwanza walikuwa watatu. Mwaka wa nne walikuwa kumi na tisa, wakipokezana, maana kila miezi mitatu lazima upimwe upya. Ndani ya gari kulikuwa na kelele, matani, na ubishi wa mpira. Anayesahau vidonge vyake aliimbishwa wimbo wa Jumapili mbele ya wenzake. Ila walipofika nyuma ya duka la matairi, kila mmoja alishuka na njia yake. Wakikutana sokoni hawakusalimiana. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano.

Naye Ezell aliegesha gari, akapika kambare mmoja, akala akiwa amesimama.

Sasa nimzungumzie Kendarius. Alipokuwa mtoto alikaa kiti cha nyuma ya dereva, na Ezell alimpenda kama wake. Alipofika miaka ishirini na moja, Ezell alimkuta kituo cha mafuta, akamwambia habari za safari.

Kendarius akaruka kama kamwagiwa maji. "Mimi sina mambo hayo, Anko!"

"Sijakuuliza una mambo gani. Nimekuuliza kama una nafasi Alhamisi."

"Na watu wakiona?"

"Wataona wanaume wanaenda kuvua."

Palikuwa na vijana wengine pale kwenye pampu. Mmoja akapiga mluzi akasema, "Haya mzee, umepata bwana mpya?" Wakacheka. Uso wa Ezell ukawaka. Akaingia garini akaondoka. Hakumuuliza Kendarius tena. Miaka miwili alimpita barabarani, akimpungia mkono tu.

Halafu usiku mmoja wa mvua Kendarius akagonga mlango wake. Ameshapimwa. Anavyo virusi. Alisimama barazani, akasema, "Anko, si wewe uliyeniacha?"

Wasikilizaji wapendwa, Kendarius anasema maneno hayo anayajutia mpaka leo. Lakini Ezell hakujitetea. Alisema, "Ndiyo. Nilikuacha. Niliona aibu ya kuchekwa, nikakuacha." Akamvuta ndani, akamvua koti, akampa taulo. Ndipo akamsimulia habari za Curtis. Na alipomaliza, akasema, "Wakati ule hakukuwa na dawa. Sasa ipo. Utameza ya kwako, wenzako watameza ya kwao, gari ni lilelile. Alhamisi utakaa mbele."

Kendarius yuko hai. Virusi havionekani tena kwenye vipimo vyake, na amesema niseme hivyo, kwa jina lake. Ezell, kwa upande wake, tangu usiku ule hakumpita mtu bila kumuuliza. Alichekwa sana. Aliuliza hivyo hivyo.

Alhamisi ya tatu ya mwezi Machi, wanaume sita walisubiri nyuma ya duka la matairi. Saa moja ikafika. Saa moja na robo. Ezell hakuwahi kuchelewa hata dakika tatu. Kendarius akatembea mpaka nyumbani kwake, akachungulia dirisha la jikoni.

Verlene, dada yake Ezell, alikuja kutoka Detroit. Ana miaka sabini na moja. Nilimuuliza anataka tuseme nini redioni. Akasema: "Sema simu yangu ilikuwa nzima. Ilikuwa na chaji. Kuhusu Curtis nilijua tangu zamani, ila sikutaka kuambiwa, kwa hiyo sikuuliza. Sasa nina maswali mia, na wa kunijibu sina."

Kanisani watu walikuwa wachache. Kati ya wanaume aliowabeba, walioingia ni wanne, na kila mmoja alikaa peke yake. Baada ya mazishi simu ya studio ililia. Sauti ya mwanamume. Hakutaja jina. Alisema alikuwa ng'ambo ya barabara, ndani ya gari lake, mpaka jeneza lilipopita. Hakuweza kushuka. Kisha akauliza, "Samahani, Alhamisi ya tatu nani anaendesha?"

Kama unanisikiliza, ndugu yangu, jibu ni hili. Verlene amempa Kendarius funguo za gari.

Kwa dada Verlene, kwa watu wa gereji, na kwa wote mnaoomboleza bila kuthubutu kusema mmefiwa na nani, poleni sana. Mimi niliishi mitaa mitatu kutoka kwa Ezell Tarpley. Nilimwona akipita na fimbo zake, nikadhani ni mtu mwenye marafiki wengi. Sikuwahi kubisha hodi. Kila mmoja wetu na afikirie mlango mmoja ambao hajawahi kuubishia hodi.

Alhamisi iliyopita gari liliondoka saa moja kamili. Wa zamani walikuwa watano. Wa sita alikuwa mgeni, mwanamume wa makamo mwenye nguo za kazi. Alisimama pembeni mpaka wote walipopanda. Kendarius akafungua mlango wa mbele, akasema tu, "Karibu, kaka. Funga mkanda."