Kijito Chenye Wenyewe Wawili

Benchi la kijiji cha Dornweil limeegemezwa kwenye ukuta wa tanuri la mikate, na kama hujui kwa nini wazee wa hapo hawana haraka ya kwenda popote siku za kuoka, kaa wewe mwenyewe mwezi wa Novemba ukuta ukishashika moto, mgongo wako utakujibu. Siku hiyo ya Mtakatifu Martino walikuwa watatu, na kikombe kimoja cha mti chenye bia ya shayiri kikizunguka. Wa kwanza ni Kunz, aitwaye Mkuki, kwa sababu ujanani alimbebea mwinyi mkuki vitani. Vita vyenyewe vilianza baada ya chakula cha mchana vikaisha kabla ya cha jioni, lakini yeye anavisimulia mpaka leo na havijafika mwisho. Wa pili ni Ulin, mhudumu wa kanisa, ambaye ndiye Kengele. Wa tatu ni Burkart, fundi wa mapipa. Huyu wanamwita Kimya, na sababu haihitaji maelezo. Mdomoni mwa tanuri alisimama Bena na koleo lake refu la mti, Mama Tanuri kwa watu wote, anayesikia kila kitu na kukata maneno ya kila mtu.

Leo Kimya hakuja kuota moto. Ana binti mmoja, Irmela, na Irmela ameshampenda Welti, mtoto wa mjane wa ng'ambo ya kijito. Kijito chenyewe mbuzi mzima anakiruka. Lakini huku ni kwa mwinyi wa Hohenrod na kule ni kwa mwinyi wa Taubeck, na watu wa pande zote mbili ni mali ya wenyewe kama mashamba wanayolima. Isitoshe, mtoto ni wa mwinyi mwenye mama yake. Irmela akiolewa ng'ambo, watoto atakaozaa kule watahesabiwa wa Hohenrod. Taubeck hataki kulea watoto wa jirani, na Hohenrod hataki tumbo lake liondoke. Wote wawili walikuwa wamesema hapana. Tena mwinyi wa Taubeck ametangaza kwamba kijana yeyote wake atakayefika Kwaresma bila mke, atachaguliwa mke. Msimamizi wa Hohenrod alikuwa anakuja mchana huo kukaa uani kwa kanisa na kusikiliza shida za watu, na akishaondoka, harudi mpaka majani yachipue. Kwa Burkart, tumaini lililobaki ni moja tu, kwamba pande mbili za kijito zipate mwenyewe mmoja. Ndiyo maana yeye, ambaye mambo ya wakubwa hayamhusu, alikohoa akauliza:

— Hivi jamani, kuna dalili yoyote ya Taubeck kuja kwetu?

Swali tamu kama hilo lilikuwa halijawahi kuulizwa kijiweni. Mkuki akajifuta povu la bia kwenye ndevu.

— Dalili? Kimya, ndugu yangu, mambo yameiva. Mhunzi wa ngomeni ameagizwa viatu vya farasi, marundo kwa marundo. Sasa niambie, farasi wanavishwa viatu vya nini? Vya kwendea kanisani?

— Farasi wanakanyaga mawe, viatu vinalika, alisema Kengele. Hiyo nayo vita?

— Wewe piga kengele zako, vita niachie mimi.

— Vita, vita. Hawa Hohenrod hawapigani wakipata nafasi ya kuoa. Kile kinu cha maji cha kule chini walikipataje? Si babu yake mwinyi alimwoa binti wa Steinrode, yule aliyekuwa akikoroma mpaka mbwa wanahama ngome? Alivumilia mkoromo, akapata kinu na vijiji viwili. Sasa angalieni. Taubeck ana binti, na mwinyi wetu mdogo hana mke. Inahitaji akili gani hapo?

— Binti mwenyewe ana miaka sita, Mama Tanuri alisema bila kugeuka.

— Atakua.

— Na Irmela wangu akae tu anamsubiri mtoto wa watu akue? Burkart aliuliza. Si atakuwa amezeeka?

— Kimya, mambo ya wakubwa hayaendeshwi mbiombio.

Mama Tanuri alichomoa mkate, akaugonga tako kwa kidole kusikiliza kama umeiva, akaurudisha ndani.

— Nyie wanaume mnapenda kelele tu, alisema. Taubeck inauzwa. Mwinyi wao anataka kwenda Yerusalemu kutubia dhambi, na zile dhambi zinahitaji safari ndefu kwelikweli. Ameshauza mbwa wake wa kuwindia. Ameuza bwawa la samaki. Mtu anayeuza mbwa anaowapenda kuliko mke wake, kijiji kitamshinda?

Burkart alimgeukia, na uso wake ukachangamka kidogo.

— Mbwa alimuuzia nani?

— Abate, mkuu wa watawa.

— Na bwawa?

— Abate huyohuyo.

— Basi kijiji nacho atamuuzia abate, alisema Burkart, akainamisha kichwa. Tutakuwa palepale, ila ng'ambo wataimbiwa zaburi.

Kikombe kilizunguka. Mtu mwingine angeona huruma, akanyamaza, lakini kijiwe kikishapata moto hakizimwi kwa huruma. Kengele alisogea mbele, akashusha sauti kama anayetoa siri ya kitubio.

— Nyote mmemsahau bibi kizee.

— Bibi kizee gani?

— Bibi yake mwinyi wa Taubeck. Amefiwa na waume watatu, na kila mmoja alimwachia kipande. Nusu ya Taubeck ameikalia yule bibi. Mwinyi wetu mdogo amwoe huyo.

— Ana miaka themanini yule, alisema Mama Tanuri.

— Ndiyo uzuri wake. Anamwoa Jumatatu, Ijumaa anamzika, nusu imeingia mfukoni. Halafu anatulia tulii mpaka yule mdogo akue, anamwoa na yeye, nusu ya pili hiyo.

— Mtu amwoe bibi, kisha amwoe na kitukuu wake? Wewe mtu wa kanisa huoni haya?

— Papa anatoa ruhusa. Unafikiri Papa kazi yake nini?

Mkuki alikuwa anatikisa kichwa kwa masikitiko, kama fundi anayemwangalia mtu akishika nyundo kwa upande wa chuma.

— Mmekaribia, ila hamjafika. Ni vita, lakini vita ndani ya harusi. Sikilizeni. Bibi harusi anapelekwa Taubeck, ameshuka kwenye farasi, shela mpaka chini. Wanakula, wanalewa. Saa ya kufunua shela, chini ya shela kuna nani? Askari. Analifungua lango, wenzake wanaingia, Taubeck kwisha.

— Askari gani atakubali kuvaa shela? aliuliza Kengele.

— Mimi nitavaa.

— Na ndevu zote hizo?

— Nitanyoa. Kwa ajili ya Kimya, nitanyoa.

Mama Tanuri alicheka mpaka koleo likamtoka mkononi. Kengele alipaliwa na bia. Burkart peke yake hakucheka.

— Nyie chekeni. Mimi sina ugomvi na nyie. Lakini leo jua likizama nitarudi nyumbani, na mtoto ataniangalia usoni, na mimi sitakuwa na la kumwambia. Sikilizeni niwaambie. Tangu mama yake afe ni yeye ndiye ananipikia, ni yeye ananiongelesha. Akiondoka nitabaki na mapipa. Sitaki aondoke hata kidogo. Na nazunguka kama kichaa nikitafuta njia ya kumwondoa, kwa sababu nimemsikia akilia, na anajificha nisimsikie.

Mkuki alimpa kikombe chote, na hiyo kwa Mkuki si jambo dogo.

— Si kulikuwa na ile njia ya zamani? alisema Kengele, safari hii taratibu. Mwanamke kwa mwanamke. Anakwenda mmoja, anakuja mmoja, kila mwinyi anabaki na idadi yake.

— Ipo mpaka leo. Msimamizi mwenyewe aliniambia, niletee mwanamke wa Taubeck anayeolewa huku, nami nitamwachilia wako aende. Nimezunguka kila nyumba ya ng'ambo yenye msichana. Wananiuliza, aje aolewe na nani? Vijana wetu ambao hawajaoa wamebaki wawili. Mmoja anataka utawa.

— Na mwingine anataka kila mtu, alisema Mama Tanuri.

— Sasa nani atampa binti?

Hapo ndipo alipotokea mwanamke kutoka upande wa kijito, kapu la unga uliokandwa kiunoni, upindo wa gauni umelowa maji. Alikuwa Guta, mama yake Welti. Tanuri la kwao lilibomoka wiki ileile, na hili walilijua, lakini kumwona akivuka na unga kuja kuoka kwenye tanuri la Hohenrod lilikuwa jambo jipya. Aliwasalimia wote, akatua kapu mbele ya Mama Tanuri.

— Dada, nina nafasi?

— Nafasi ipo, mama Welti. Subiri hawa wa kwanza watoke.

— Nimewasikia tangu kwenye magogo ya kuvukia, alisema Guta akijikamua gauni. Mmeshatuteka?

— Bado kidogo, alijibu Mkuki.

— Haya. Msiharibu kabichi zangu tu.

Kisha alimgeukia Burkart, na ule mzaha ukaisha usoni mwake.

— Baba Irmela, wiki iliyopita ulifika kwangu. Ulisimama mlangoni, ukaniuliza kama nina binti. Nikasema sina, ninaye Welti tu. Ukashukuru, ukaenda zako nyumba ya pili.

— Ndivyo ilivyokuwa.

— Sasa nauliza, na yeyote hapa anijibu. Msimamizi alisema msichana, au alisema mwanamke?

Mkuki aliangalia kikombe. Kengele aliangalia juu, kule wanakoangalia watu wa kanisa wakikwama. Hawa ni watu waliokuwa wamekwisha kumwoza bibi wa miaka themanini na kuiangusha ngome kwa shela. Mwisho Kengele alijaribu.

— Nadhani, mama Welti, wakubwa wanataka mwanamke ambaye bado... wa kuweza kuzaa.

— Na wewe nani kakwambia nimeacha? Welti nilimzaa nikiwa mimi mwenyewe mtoto.

Kengele akawa mwekundu hadi masikioni. Akaulizwa na Mama Tanuri kama kanisa lina kizuizi, wazazi wa bwana harusi na bibi harusi wakioana, akasema kwa sauti ndogo kwamba damu hakuna, kwa hiyo kizuizi hakuna. Mkuki, asiyeweza kuona pengo bila kuingia, alijipangusa ndevu.

— Mimi pia sina mke, Guta. Nakukumbusha tu.

— Wewe ulikwisha kuahidiwa shela, alisema Mama Tanuri. Tulia.

Burkart alishindwa kutulia. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Mikono ya fundi wa mapipa ni mikubwa, na hakujua aiweke wapi.

— Mama Welti, alisema, na maneno yakamtoka moja moja. Sitaki mtu ajitoe mhanga. Nyumba yangu inavuja. Mimi mwenyewe naweza kukaa siku nzima bila kutamka neno. Kama unafanya hivi kwa ajili ya mwanao, sema, nami nitakuheshimu vilevile. Ila sema, nijue.

Guta alimtazama sawasawa, bila haya na bila haraka.

— Kijito nimekivuka kwa ajili ya mwanangu, alisema. Lakini hapa kuna wanaume wawili wasio na wake, na sikumuuliza Mkuki. Hiyo ni kwa ajili yangu.

Ndani ya tanuri kuni zilipasuka. Burkart akacheka, cheko la chini ambalo hata Kengele, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, hakukumbuka amelisikia lini.

— Basi twende kwa msimamizi, alisema akimpa mkono, kabla hawa hawajaanza kutupigania vita.