Bwana Masikio Anaweka Koleo Chini

Watu wengi wakiona mbuzi mmoja anatokwa kamasi na kuharisha, hukimbilia kuuza waliobaki kabla habari hazijavuja. Hilo ndilo kosa. Mbuzi anayeonekana mzima asubuhi huenda tayari amebeba sotoka ya mbuzi, ugonjwa unaoenea kwa pumzi, na mnadani atapumuliana na mbuzi wa kila kijiji. Ndugu yetu anayestaafu leo, tarehe 30 Juni, ametueleza hivyo kwa miaka thelathini na minne. Hatukumsikia.

Aliajiriwa kama afisa mifugo akiwa kijana mwembamba, akapewa pikipiki yenye breki za kubahatisha na kasha la barafu. Chanjo ya sotoka haivumilii joto. Ikishapata joto, unamchoma mbuzi maji matupu. Kwa hiyo alilibeba kasha lile kama yai, hata mkewe akawa anajitambulisha kwa wageni kuwa yeye ni mke mdogo, mkubwa ni kasha.

Kila mbuzi aliyemchanja alimkata pengo dogo sikioni kwa koleo, ili mchanjaji asimrudie na mnunuzi amtambue. Ndipo akapata jina la Bwana Masikio. Watoto wa mnadani walimfuata wakimtania: "Bwana Masikio, na huyu mbwa wetu umemchanja lini?" Mbwa mwenyewe alikuwa ameng'atwa sikio na mwenzake. Bwana Masikio alicheka kuliko wao.

Kwa misimu kadhaa kazi ilizaa matunda. Vifo vilipungua, wachuuzi wa mbali wakarudi, na mbuzi mwenye pengo akapanda bei. Hapo ndipo tulipojimaliza. Mradi uliokuwa ukituletea chanjo ulipokwisha na chanjo zikaacha kuja, watu walianza kukata mapengo wenyewe, nyumbani, kwa visu vya jikoni. Sotoka ikaingia mnadani kupitia masikio yaliyokatwa vizuri kuliko aliyoyakata yeye.

Dada yake, mjane, alinunua majike pale kwa kuamini alama ya kaka yake. Walikufa wote, na waliokuwa zizini wakafuata. Alikuja ofisini, akamwambia mbele yetu bila kupaza sauti: "Kaka, mimi niliamini sikio lako." Utani wa mnadani uliishia siku ile.

Ugonjwa huu hauli mbuzi peke yao. Mnada ulipofungwa, mwenye bucha alikosa cha kupima, mama wa chai akakosa wateja, na watoto wakarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Mbuzi ndiye akiba ya asiye na benki. Akifa, hakuna pa kwenda kudai.

Ningependa kuandika kwamba anatuachia mambo mazuri. Nafasi yake haijatangazwa. Jokofu la chanjo limebeba soda za sherehe hii, na tangu masika halijabeba kingine. Mnada unafunguliwa tena Jumamosi, na juzi nimeona mbuzi wenye kamasi nyuma ya ofisi hii hii, tayari wana mapengo mabichi masikioni.

Ndugu yetu, asante kwa magoti uliyoyachakaza mazizini. Uzee wako uwe mwepesi, na dada yako ajaliwe kufuga tena.

Nasi tuliobaki: ukifika nyumbani leo, mtenge mbuzi mwenye kamasi, na usipeleke mnadani hata mmoja wa zizi lake.