Maganda ya Maharage

Ndani ya basi, Mzee Bansi alikuwa amepakata mfuko wa maharage mekundu ya Bhaderwah, masikio kayatega kiti cha mbele. Hapo mama mmoja kijana alikuwa akimlisha mwanawe wa mwaka mmoja wali na maharage ya kuponda, na bibi aliyeketi kando yake, wala hawakujuana, alishaingilia.

"Mwanangu, hukuyamenya?"

"Nimeyaponda, bibi. Ganda halionekani."

"Tumbo linaliona. Mimi wanangu wote niliwamenyea, harage moja moja, nikatia na mvuje wa kuzuia gesi."

"Moja moja? Mumeo alikuwa anakula saa ngapi?"

"Alikula maganda," bibi alijibu, wala hakucheka.

Mkewe angekuwa hai, Mzee Bansi asingehitaji kudokoa maneno ya watu. Lakini binti yao kule Udhampur hakuwa na wa kumwelekeza, na basi lilishaanza kupunguza mwendo kuingia huko. Akainama mbele.

"Samahanini, akina mama. Mjukuu wangu nimmenyee, au niponde tu?"

Kwa mara ya kwanza wakasema pamoja: "Ana umri gani?"

"Kazaliwa juzi."

Bibi akajiziba mdomo kwa shali. Yule mama kijana akasema kwa upole, "Basi mpikie mama yake, baba, apate nguvu."

"Mzazi anayenyonyesha? Maharage?" Bibi akamgeukia. "Unataka mtoto alie usiku kucha?"

Basi likasimama. Mzee Bansi akashuka na mfuko wake, akasimama chini ya dirisha lao akingoja wamalize. Basi likaondoka, hawajamaliza.