Kaburi la Mgomba

Sogeeni, wanangu, na wewe Jeremia toka hapo mlangoni, maana anayesimama mlangoni ana safari yake, nami sitaki uwe na safari mpaka nimalize. Winfrida, niinue kidogo, mto uweke mgongoni. Bariki, zima hiyo simu. Na wewe Selestini, ndugu yangu wa tumbo moja, usijifanye umekuja kunijulia hali. Umekuja kusikia nani amepewa nini, basi kaa, utasikia.

Mimi ni mgonjwa, si kiziwi. Juzi nilisikia futi ya fundi ikivutwa nje ya dirisha hili, nikamsikia na yule mnunuzi wenu kutoka mjini akiuliza yale mawe upande wa barabara ni ya nini, na wewe Jeremia, kifungua mimba wangu, ukamjibu, "Usijali, bosi, pale ulizikwa mgomba tu, hamna mtu." Ukacheka. Nimekula ugali wa jeshi uliojaa mchanga, lakini hakuna kilichonikwama kooni kama kicheko chako kile. Leo nitakwambia nani amelala pale, halafu uniambie kama bado unauza.

Ukoo wetu umeliwa na majeshi tangu zamani. Babu yangu aliswagwa na Wajerumani kubeba masanduku ya risasi, na Wabelgiji walipoiteka Kigoma wakamgeuza akabeba ya kwao, na aliyemuua si Mjerumani wala Mbelgiji, ni njaa na kuhara. Baba yangu Waingereza walimpeleka Burma, akarudi na homa iliyomtetemesha mpaka ikamzika. Nanyi mkiona gwaride kwenye televisheni mnadhani askari hufa kwa risasi. Risasi ni ya wachache. Jeshi humalizwa na tumbo, na matope, na kulala ndani ya maji, na kiatu kibovu, tangu enzi za babu mpaka zangu, na wakubwa hawalisemi hilo kwa sababu halipendezi kwenye hotuba.

Tulipovuka Kagera kumfukuza Amini nilikuwa na rafiki, Samson wa Ilagala, mtoto wa wavuvi, mtu aliyezoea kutembea mchangani miguu mitupu. Mvua ile haikukatika. Buti zake zilipasuka, miguu ikavimba, ikaoza katikati ya vidole, akawa anatembea huku analia wala haoni haya, na sisi hatukumcheka kwa sababu kila mmoja alikuwa na chake cha kumliza. Nikaangushwa na homa ya matumbo, wakanipakia kwenye lori la wagonjwa kurudi Bukoba. Nikavua buti zangu nikampa Samson, maana mgonjwa wa kulala ana haja gani na viatu? Ndani ya ngozi nilikuwa nimechoma jina langu kwa waya wa moto, ili wasiniibie. Samson akaenda nazo mbele ya Masaka, na huko akafa kwa kuhara damu. Askari wasiomjua ndio waliomzika, wakasoma jina lililokuwa kwenye buti, wakaandika kwamba aliyekufa ni Anatoli wa Mwandiga.

Habari ikafika hapa. Mnajua desturi yetu: mtu akifia mbali na mwili usirudi, hukatwa mgomba wa urefu wake, ukavikwa sanda, ukaliliwa, ukazikwa. Sina ugomvi na desturi. Ugomvi wangu ni na wewe, Selestini. Ulikata mgomba kabla machozi ya mama hayajakauka, na udongo ukiwa bado mbichi ukagawa shamba langu, ukamwambia Verediana, mama wa watoto hawa, kwamba sasa ni mke wako. Fisi akimla muwele, mzima funga mlango, nawe ulimfungulia mlango amle na mzima. Niliporudi, nimebaki mifupa, nilimkuta Verediana amenyolewa kichwa, amejifungia kwa mama, amekukataa, na wewe ukanitazama usoni ukasema, "Huyu tulishamzika." Usiiname. Watoto hawa walifikiri kisa hiki ni cha kuchekesha, kumbe mcheshi mwenyewe ni wewe.

Nipe maji, Winfrida. Kidogo tu.

Nikaenda Ilagala. Ilagala hakuna aliyekuwa amelia, wala mgomba haujakatwa, mama yake Samson bado anamwekea samaki wa kubanika kila jioni. Nikamweleza habari ya buti. Hakupiga yowe. Alikuja nami hapa Mwandiga akakaa juu ya udongo ule siku nzima, kisha akasema, "Mwanangu siwezi kumzika tena, nanyi mmeshanizikia. Mtunzeni." Nikamwambia yego, mama, nitamtunza. Yule Honorata mnayemwona kila mwaka akija na dagaa, akang'oa majani kwenye yale mawe, mkamwita bibi wa Ilagala kama ombaomba, ni dada yake Samson. Anakuja kwa kaka yake.

Sasa nasema, na Selestini awe shahidi, hata kama ni shahidi mwongo. Kiwanja cha barabarani ni cha Winfrida, hakiuzwi, hakikodishwi, hakijengwi fremu. Bariki, nyumba hii na migomba ya nyuma ni yako. Jeremia, shamba la bondeni nilikupa zamani, lilime. Ukileta futi tena karibu na mawe yale, mkono utakaoishika usishibe. Naumia kukwambia hivyo, maana wewe ndiye niliyekubeba mgongoni. Lakini nimesema. Selestini asishike jembe kwenye kaburi langu. Ameshanizika mara moja, inatosha.

Winfrida... msalaba wa kwanza ulikuwa na jina langu, mchwa wakaula. Weka mwingine. Andika Samson. Jina lake lote, Honorata atakwambia. Yeye kanibebea langu miaka yote hii.

Mimi nichimbieni ubavuni pake. Siyo mbali... hapo hapo, tusikilizane.

Njooni niwashike. Wote... Jeremia nawe, njoo. Mungu wetu, Imana, awape maji ya kutosha na kitanda kikavu, asiwapeleke vitani, na mkienda awarudishe wenyewe, isirudi habari tu. Nimechoka. Verediana, marehemu mama yenu, ananiita... la, ni upepo.

Ile suti nivisheni, sawa. Lakini msinivike viatu. Najua mmenunua, nimeviona chini ya kitanda. Mpeni Bariki. Mimi niacheni miguu mitupu... vyangu anavyo Samson.